Uji wa Gramu Mia Mbili na Hamsini

Ilikuwapo nchi, jina lake silisemi, na wewe unayesoma kama unalijua, tafadhali limeze. Ilikuwa nchi nzuri tu. Ilikuwa na mvua ya kutosha, wimbo wa taifa wenye beti sita na wizara thelathini na nne. Watu wake walikuwa wapole mno, hata mtu akikanyagwa mguu yeye ndiye aliyesema samahani.

Katika nchi hiyo wanawake wote walipika kwa kikombe. Kikombe cha unga, vikombe viwili vya maji, kijiko cha hiki, konzi ya kile, basi chakula kimeiva na watu wameshiba. Hakuna aliyejua kwamba hilo ni tatizo la kitaifa mpaka Mheshimiwa Profesa wa Heshima Ndibalema, Waziri wa Jiko na Ustaarabu, aliposafiri nje siku kumi na moja kuhudhuria mkutano.

Siku ya mwisho ya mkutano waliletewa keki. Mheshimiwa alikula vipande vinne kwa niaba ya wananchi, akaipenda, akaomba aandikiwe namna ya kuipika. Akaandikiwa: unga gramu kadhaa, sukari gramu kadhaa. Aliporudi akaikabidhi karatasi kwa mpishi wake, na mpishi, ambaye gramu alizisikia kwenye dawa ya panya tu, akachukua kikombe akapima kama alivyopima miaka yote. Keki ikabonyea katikati kama godoro la wodini. Na mezani walikuwapo mabalozi wawili.

Kesho yake redio ilisimamisha taarabu ili Mheshimiwa azungumze.

"Ndugu wananchi," alisema, "tumedhulumiwa na kikombe. Kikombe kina mkono, kina maua, kina kisahani chake, lakini hakina uaminifu! Ujazo ni giza, uzito ni nuru. Kuanzia Jumatatu taifa hili halitajaza tena. Taifa hili litapima!"

Watu wakapiga makofi, maana hotuba ilikuwa imekwisha.

Ikaundwa Tume ya watu kumi na tisa. Kazi yao ilikuwa nyepesi: wachukue vyakula mia na kumi na mbili, wajaze kikombe kimoja cha kila kimoja, wakiweke kwenye mizani, waandike uzito. Wakakaa hotelini miezi saba. Miezi minne walibishana kama kikombe kinachopimwa kiwe cha mfuto, yaani kilichopitishwa kisu juu kikawa sawasawa, au cha tele, chenye kilima chake. Miezi miwili walisubiri mizani itoke ng'ambo. Mizani ilipofika, vile vyakula mia na kumi na mbili vilikuwa vimekwisha kuliwa na Tume, maana kukaa na chakula bila kukila si kazi ndogo. Mezani palibaki birika la maji.

Wakapima maji. Kikombe kimoja, gramu mia mbili na hamsini.

Hapo Mwenyekiti wa Tume akavua miwani na kutoa hoja ambayo hata leo inafundishwa vyuoni. "Waheshimiwa," alisema, "kikombe si ni hikihiki? Kama kikombe ni hikihiki, uzito wake utabadilikaje?"

Wakatazamana, wakaona aibu kwa kutolifikiria mapema, wakasaini. Basi kikombe cha unga kikawa gramu mia mbili na hamsini, cha chumvi mia mbili na hamsini, cha majani ya chai mia mbili na hamsini, na cha bisi vilevile. Kijiko cha chakula cha kitu chochote duniani kikawa gramu kumi na tano. Likaitwa Jedwali la Taifa. Lilikuwa na mistari miwili tu, na Mheshimiwa akalisifu kwamba hata mtoto anaweza kulikariri.

Sasa tumwache Mheshimiwa, twende Mtaa wa Kisimani, kwa Mama Sikudhani.

Mama Sikudhani alikuwa mwanamke wa kuogopa sheria. Alimaliza darasa la saba na hesabu akapata sabini na mbili. Hata kibao cha kukataza kukojoa ukutani alikuwa akikisoma mara mbili, asije akawa amekosea. Mumewe alikuwa dereva wa lori, siku nyingi yuko njiani. Binti yake mmoja, Sikudhani, alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, kitoto cha kike, Kidawa, na kama ilivyo desturi ya kule, alikuwa amerudi kwa mama yake kulelewa siku arobaini.

Mzazi kule hunyweshwa uji. Si uji wa hivihivi. Ni unga wa mtama uliopepetwa, maji, maziwa, samli, sukari, na pilipili manga iliyotwangwa siku ileile. Uji huo ndio unaoshusha maziwa, hivyo ndivyo wanavyoamini, na Mama Sikudhani aliamini kuliko wote, maana yeye mwenyewe alinyweshwa na mama yake, na mama yake alinyweshwa na bibi. Kidawa alikuwa na siku tisa, ananyonya kama mtu mwenye haraka ya kwenda mahali.

Siku hiyo ya tisa ndipo lilipopita gari lenye kipaza sauti. "Leteni vikombe! Atakayeleta kwa hiari hataulizwa alikipata wapi!" Wanawake wakapanga foleni uwanjani na vikombe vyao, vya bati, vya udongo, vya harusi vilivyokaa kabatini miaka ishirini bila kunywewa. Greda likapita juu ya vikombe mara tatu, bendi ikipiga. Kuanzia jioni hiyo nchi nzima ilikunywa chai kwa bakuli na vifuniko vya chupa. Mama Sikudhani alikuwa na vikombe sita. Alipeleka vitano. Cha sita, cheupe chenye ukingo wa buluu, alikiviringisha ndani ya nepi za Kidawa, na tangu hapo kila akisikia hodi aliziangalia nepi kwanza.

Hodi ya kwanza ilikuwa ya Bwana Lukindo, Afisa Uzani wa mtaa, kijana mrefu mwenye mkoba wa mizani begani na kofia iliyoandikwa UZITO NDIO UZALENDO.

"Hodi hapa kwa mzazi!"

"Karibu, mwanangu. Sema taratibu, mzazi amelala."

"Nimeagizwa niseme kwa sauti, mama. Ni tangazo." Akafungua daftari. "Nyumba yenye mzazi ni Kaya Maalumu. Nitakuja kila asubuhi kupima uji mwenyewe na kugonga muhuri kwenye kadi hii. Mihuri ikitimia, mtoto anapata cheti cha kuzaliwa."

"Na isipotimia?"

"Hapati."

"Sasa mwanangu, mtoto si amezaliwa? Huyu hapa."

"Amezaliwa, mama, hatukatai. Ila si kwa ukamilifu."

Mama Sikudhani akaona mawazoni shule ikifungwa geti, Kidawa yuko nje na sare yake. Akakaa chini akataja mapishi bila kuficha.

"Unga kikombe kimoja."

"Gramu mia mbili na hamsini," Lukindo akaandika.

"Maji vikombe viwili, maziwa viwili."

"Elfu moja."

"Samli kijiko cha chakula, pilipili manga kijiko cha chakula."

"Kumi na tano, kumi na tano. Na sukari?"

"Sukari konzi moja."

Kalamu ikasimama. Lukindo akatazama Jedwali mbele, akaligeuza akatazama nyuma, ambako palikuwa na picha ya Waziri. Hapakuwa na konzi.

"Hebu chota nione, mama."

Mama Sikudhani akatia mkono kwenye sukari, akakunja vidole, akamimina kwenye mizani. Gramu sitini na mbili. Lukindo akasema arudie. Hamsini na nane. Akasema arudie tena. Sitini na sita.

"Mama," Lukindo alisema kwa huzuni ya kikazi, "mkono wako una misimamo mitatu."

"Mkono unaitazama sukari, mwanangu. Hii ya leo imeshika unyevu."

"Mkono hauna macho, mama. Hiki ni kipimo kisichosajiliwa." Akatoa waya mwembamba na kipande cha lakiri ya risasi, ile wanayofungia mita za umeme, akamfunga kwenye kifundo cha mkono wa kulia na kuigonga muhuri kwa koleo. "Mkono huu hauruhusiwi kuingia kwenye chakula. Unaweza kufulia, kusalimia, na kuwapungia viongozi wakipita."

"Na wa kushoto?"

"Wa kushoto unapimia nini?"

"Wa kushoto tangu lini ukaingia kwenye unga? Mama yako hakukufunza?"

Lukindo akaona haya, akaandika: *mkono wa kushoto, hauna matumizi.* Kisha akalifunga kopo la unga kwa lakiri nyingine, na kuhusu sukari akaamua kwamba, kwa kuwa konzi haimo kwenye Jedwali, na sukari haimo kwenye uji.

Asubuhi iliyofuata akaja, akafungua kopo, akapima, akamimina sufuriani, akafunga kopo. Mama Sikudhani akakoroga. Alikoroga kwanza kwa mkono mmoja, kisha kwa miwili, kisha akasimama juu ya kigoda ili uzito wa mwili umsaidie. Alipompelekea Sikudhani, bakuli lilifika limetulia kama tofali kwenye kalibu.

"Mama, hiki ni nini?"

"Uji, mwanangu."

"Mbona natafuna?"

Hakungoja jibu. Ile pilipili, gramu zake kumi na tano kamili, ilikuwa imefika kooni. Sikudhani alilia machozi, akapatwa na kwikwi mpaka adhuhuri. Akala vijiko vitatu siku ya kwanza, viwili siku ya pili, siku ya tatu akafumba mdomo kama mtoto anayepewa dawa ya minyoo. Makombo nayo yalipimwa, yakiitwa Upotevu wa Taifa, kwa hiyo Mama Sikudhani aliyamaliza yeye mwenyewe. Mama akanenepa, binti akakonda. Na Kidawa akaanza kunyonya, kuachia, kulia. Kunyonya, kuachia, kulia.

Bi Zuwena wa nyumba ya pili akaja kumwona mzazi, akamtazama mtoto, akamtazama mama yake.

"Shoga, huyu analia njaa."

"Naona."

"Maziwa hayashuki?"

"Yatashukaje, shoga, na huyu anakula matofali?"

"Hata kwangu balaa. Chapati ya jana baba watoto kaiweka chini ya mguu wa kitanda. Lakini sisemi sana, kitanda kimetulia." Akainama akanong'ona. "Muongezee maji wewe."

"Maji yanapimwa! Nikiongeza nimeghushi. Nikighushi hakuna muhuri. Hakuna muhuri, hakuna cheti."

"Basi sawa, mtoto awe na cheti." Bi Zuwena akavuta kanga yake. "Akishakuwa mifupa watamtambulia hichohicho."

Maneno hayo yalimchoma Mama Sikudhani. Alitoa kile kikombe kwenye nepi, akakificha kifuani, akaenda dukani kwa Mzee Katani, mwenye mizani ya kupimia maharage.

"Niazime mizani yako kidogo, mzee wangu."

Mzee Katani aliona mkono wa kikombe ukichungulia. Akageuka akaitazama barabara. "Mimi naangalia magari," alisema. "Leo magari ni mengi sana." Hapakuwa na gari hata moja.

Mama Sikudhani akapima kikombe cha maji: kweli, mia mbili na hamsini. Akapima kikombe cha unga: mia na ishirini na tano. Akarudia. Mia na ishirini na tano. Kijiko cha pilipili manga: saba. Alisimama pale na hesabu yake ya darasa la saba na kuiona nchi nzima ilivyokosea. Na ilikuwa imekosea kidogo tu, mahali pamoja, kama mtu aliyefunga kifungo cha kwanza kwenye tundu la pili.

Akaenda ofisini kwa Lukindo.

"Bwana afisa, unga si maji."

Lukindo akatazama mlango. "Nani kasema?"

"Mizani. Unga kikombe kizima ni nusu ya hayo mliyoandika."

"Ulipima kwa nini, mama? Lazima niandike. Kwa kikombe?"

Mama Sikudhani akavuta kanga kifuani. "Kwa makadirio."

"Makadirio ni kifungu cha tisa, adhabu yake insha ya kurasa tatu kuhusu ubaya wa makadirio. Kikombe ni kifungu cha nne. Hicho ni kurasa sita na picha."

"Lukindo mwanangu, acha vifungu. Chukua kikombe cha pamba na kikombe cha misumari. Vitalingana?"

"Pamba na misumari si vyakula. Havimo kwenye Jedwali."

"Haya, bisi na chumvi. Hivyo vimo."

Lukindo akafungua mdomo kujibu, akaufunga, akajishika taya. Wiki ile jino lake la nyuma lilikuwa limeondoka na andazi.

"Mama," alisema taratibu, "Waziri ameshatangaza. Sasa mimi nitamwambiaje? Lakini utamwona mwenyewe. Anakuja Alhamisi kuonja uji wa Kaya ya Mfano."

"Kwa nani huko?"

"Kwako. Wewe pekee mtaani kwetu hujakosa muhuri hata mmoja."

Alhamisi hiyo nyumba ya Mama Sikudhani ilipakwa rangi ule upande unaotazama barabara. Mtaro ulifunikwa zulia jekundu. Wakaja wapiga picha, kwaya, walinzi, na Mheshimiwa Profesa wa Heshima akiwa ndani ya aproni iliyopigwa pasi. Lukindo alipima mbele ya kamera, jasho likimtoka. Mama Sikudhani alikoroga. Hakuongeza tone wala hakupunguza chembe. Alitii mpaka gramu ya mwisho.

Bakuli likaletwa. Mheshimiwa akachomeka kijiko, akaachia. Kijiko kikasimama wima.

"Tazameni!" akapaza sauti. "Uji unaosimama wenyewe bila kutegemea wafadhili! Huko nyuma tulikunywa uji unaomwagika, ndiyo maana na mipango yetu ilimwagika. Leo tunakula uji wenye msimamo!"

Kwaya ikaitikia. Mheshimiwa akang'oa pande, akatia kinywani lote, kwa sababu ya kamera.

Kwanza alitabasamu. Kisha tabasamu likabaki, macho yakaondoka. Pilipili ilikuwa imemfikia, na pande lenyewe halikuwa limefika popote, limekaa njiani. Akaonyesha kwa kidole: maji.

Walinzi wakamtazama Lukindo. Lukindo akafungua mkoba, akatoa mizani, akaweka bakuli, akaanza kumimina. "Mia mbili thelathini... mia mbili arobaini... samahani Mheshimiwa, imezidi, napunguza..." Uso wa Waziri ulikuwa umeanza kufanana na zulia.

Mama Sikudhani hakuweza kutazama. Mwana wa mtu ni mwana wa mtu, hata akiwa waziri. Akavamia mtungi, akachota kwa kata, waya wa lakiri ukanasa kwenye mdomo wa mtungi ukakatika, naye hata hakuusikia. Akamshika Mheshimiwa kidevu kama anavyomshika Kidawa.

"Meza, baba. Taratibu. Meza. Haya, tena."

Mheshimiwa akameza. Watu wakapiga makofi kwa kutojua ni sehemu ya ratiba au la. Makofi yalipokwisha Kidawa akasikika akilia mlangoni, mikononi mwa Sikudhani aliyekonda.

"Huyo mtoto analia nini?" Mheshimiwa aliuliza, sauti imekwaruza.

Mama Sikudhani akaweka kata chini. "Njaa, Mheshimiwa. Maziwa hayatoki. Mama yake hawezi kuula uji huu, kama ulivyouona. Jedwali limepima maji, Mheshimiwa, na unga hauna uzito wa maji."

Mheshimiwa alilitazama bakuli kwa muda mrefu, akamtazama mtoto, na wote waliokuwapo wanasema waliona kitu kama fikira kikipita usoni pake. Akatikisa kichwa.

"Mama huyu amesema kweli," alisema, na Mama Sikudhani akahisi machozi yanamjia. Mheshimiwa akavigeukia vinasa sauti. "Ndugu wananchi! Jedwali limetimiza wajibu wake. Maji yametimiza wajibu wake. Unga peke yake ndio umetuangusha. Unga wetu ni mwepesi! Kikombe kizima, nusu ya uzito! Huu ni uzembe, nami sitauvumilia. Leo hii naunda Tume ya Kuuongezea Unga Uzito!"

Makofi yalisikika hadi sokoni. Mheshimiwa akapanda gari, zulia likakunjwa, mtaro ukarudi.

Lukindo alibaki akikusanya vifaa. Alikusanya kwa muda mrefu kuliko vifaa vyenyewe. Mwishoni akasema, bila kumtazama mtu, "Mama, Jedwali halibadiliki."

"Nimesikia."

"Halibadiliki. Lakini mapishi ni yako. Serikali haijawahi kukuambia upike kiasi gani. Ukijaza Fomu ya Marekebisho ukaniandikia nusu kikombe, mimi ni nani nikukatalie?"

Mama Sikudhani akamtazama. Nusu kikombe cha Jedwali ni gramu mia na ishirini na tano. Yaani kikombe chake kilekile.

"Na pilipili nusu kijiko?"

"Ukiandika, nitapima."

"Na sukari robo kikombe?"

"Sitini na mbili na nusu," Lukindo alisema, akajikuna chini ya kofia. "Karibu sawa na ule mkono wako."

"Huu mkono je? Lakiri imekatika."

"Lakiri zimekwisha nchini. Nyingine ziko melini."

Basi Mama Sikudhani, ambaye kabla ya kile kikombe hakuwahi kudanganya hata umri, akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa shule ya msingi: *Uji wa Mzazi. Unga nusu kikombe. Maji vikombe viwili, maziwa viwili. Pilipili manga nusu kijiko. Sukari robo kikombe.* Akatia jina na sahihi. Kesho yake uji ukamiminika. Sikudhani alikunywa bakuli la kwanza amefumba macho, akaomba la pili. Jumapili maziwa yakarudi, na Kidawa akalala na tone jeupe kidevuni. Kadi ikajaa mihuri. Cheti kikatoka, jina kwa herufi ndogo, uzito kwa herufi kubwa.

Habari za aina hiyo hazihitaji redio. Wanawake wa nchi nzima wakajaza Fomu ya Marekebisho. Mwingine aliandika nusu, mwingine theluthi. Bi Zuwena, asiyependa hesabu, aliandika nusu kwenye kila kitu pamoja na mayai, akawa kila Ijumaa anabaki na nusu yai hajui alipeleke wapi. Wizara ikajumlisha fomu zote na kugundua kwamba taifa linakula nusu ya kiasi cha mwaka jana na hakuna anayelalamika. Mheshimiwa akavishwa nishani. Mapishi yote yakachapishwa kama yalivyoandikwa, kwa mwandiko na sahihi za wenyewe, kitabu chenye jalada gumu, na ukurasa wa kwanza kabisa ukawa Uji wa Mzazi, umeandikwa na Mama Sikudhani wa Mtaa wa Kisimani. Kila nyumba ikapewa nakala, na kila msichana akaambiwa aisome.

Kisha Mheshimiwa akasafiri tena. Huko alikokwenda safari hii walimpa mkate mtamu sana, na mapishi yake, ole wetu, yalikuwa ya vikombe. Aliporudi alitangaza kwamba kikombe ni urithi wa mababu na mizani ni mambo ya wageni. Mizani ikapelekwa uwanjani, greda likapita. Vikombe vikarudi madukani. Jedwali likafutwa. Kitabu hakikufutwa, kilikuwa kimeshalipiwa.

Kina mama wenzangu, mkitaka kusinzia hapa sinzieni kidogo tu, msilale; hadithi bado haijaisha.

Kidawa alikuwa na miezi saba, ameanza kulishwa. Sikudhani alikuwa amerudi kwa mumewe. Mama Sikudhani alikwenda kuwaona, na kabla hajafika mlangoni akakisikia kile kilio. Alikijua. Aliingia bila hodi.

Mtoto yuko sakafuni, shingo imekuwa nyembamba. Jikoni Sikudhani anachota uji kwa mwiko, na uji unashuka kama maji ya kusuuzia vyombo.

"Unampa nini mtoto?"

"Uji, mama. Namlisha mara sita kwa siku, bado analia. Nesi anasema hapandi uzito. Sijui nakosea wapi."

"Unga umetia kiasi gani?"

"Nusu kikombe."

"Nusu kikombe kwa maji yote hayo? Nani alikufundisha?"

Sikudhani akafuta mkono kwenye kanga, akakishika kitabu chenye jalada gumu, akafungua ukurasa wa kwanza. Alikuwa amekifunika kwa karatasi ya gazeti kisichafuke.

"Si wewe, mama? Jina lako hili hapa. Hata sahihi yako hii. Nafuata neno kwa neno."

Mama Sikudhani aliutazama mwandiko wake mzuri. Ungekuwa wa mtu mwingine angeutukana.

"Nusu hiyo ni ya kikombe chao cha Jedwali, niliwaandikia wao," alisema. "Ili wewe upate kula."

"Sasa mimi ningejuaje?"

Mama Sikudhani akazikumbuka zile siku arobaini. Siku zote zile alikuwa amemlisha, amemfulia, amemkanda kwa maji ya moto. Kumwita jikoni asimame pembeni yake na kutia mkono ungani, hakufanya hata siku moja. Alikuwa akimhurumia.

Akakiondoa kitabu mikononi mwa binti yake, akakifunga, akakiweka mahali ambapo hakingeloa, maana kilikuwa mali ya serikali. Akamwinua Kidawa akamweka mgongoni, akamfunga kanga.

"Nawa mkono. Wa kulia. Haya, chota unga."

"Kikombe kipi?"

"Nimesema mkono. Chota. Tia. Koroga huku unatia. Tena."

"Hapo, mama?"

"Unauona unavyoukimbia mwiko? Bado. Ongeza kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Usinitazame mimi usoni. Tazama sufuria."

Sikudhani akaongeza kidogo, akatazama, akaongeza tena bila kuambiwa. Uji ukaanza kushika.